Bei za Shangazi

Gari langu lina bei nyingi. Dalali akinipigia simu ni milioni tisa, na hapo namfanyia hisani. Kamati ya harusi ya mtoto wa binamu yangu ilipokuja na kadi ya mchango wa laki tano, "maana wewe baba unajiweza, una usafiri", niliwajibu kwamba lile si usafiri, ni madeni yenye matairi manne, na kama wanalitaka walichukue badala ya mchango. Walitoka nje wakaliangalia. Waliporudi ndani wakaniandika elfu hamsini. Shemeji yangu anayekopa kila mwisho wa mwezi namwambia ni la kuuza kwa kilo. Fundi wangu naye ana bei yake, ambayo ni jumla ya yote niliyomlipa tangu mwaka 2011, na hiyo tukiikaribia huwa naomba tubadilishe mazungumzo.

Ni Toyota Carina Ti la mwaka 1998, namba A. Hapa Dar watu hawaulizi gari ni la mwaka gani, wanatazama herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao. Wenye namba E wanapita wamefunga vioo, ndani kuna kiyoyozi. Sisi wa namba A vioo vyetu viko wazi, na si kwa hiari: cha kwangu kimoja hakipandi na cha abiria hakishuki, kwa hiyo upepo unaingia ila hautoki. Redio ni ileile liliyokuja nayo kutoka Japani, na kwa kuwa redio za kule ziliishia masafa ya 90, nasikiliza stesheni mbili tatu zilizobahatika kuwa chini ya hapo. Watoto wanaliita Shangazi, kwa sababu husikika kabla hajafika.

Shangazi huyo alipogongwa alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Sasa utauliza, namba A inakatiwaje bima kubwa? Wenzangu wote wana bima ndogo, ile ya shilingi 118,000 pamoja na VAT yake, inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na bodi yako. Nami nilikuwa huko miaka yote, sina shida. Ila mwaka jana niliomba mkopo SACCOS ya kazini kwa ajili ya ada, nikaweka kadi ya Shangazi dhamana. Katibu akasema sawa, lakini dhamana lazima iwe na bima kubwa. Kampuni mbili zilipoona mwaka wa gari ziliniangalia kama mtu aliyemleta babu yake kuandikishwa darasa la kwanza. Ya tatu ikakubali. Wakala wake, kijana mchangamfu, hakuja hata kuliona. Alipiga simu tu: "Mzee, thamani yake tuandike ngapi?"

Hapo ndipo nilipojiponza. Nilikuwa nimekaa na wenzangu ofisini, simu iko kwenye spika. Mbele za watu huwezi kutamka milioni nne. Nikasema, "Weka nane," nikaona nimejishusha. Asilimia 3.5 ya milioni nane ni 280,000, ongeza VAT ya asilimia 18, jumla shilingi 330,400. Nikalipa. Jumamosi yake nilimwosha Shangazi kwa mkono wangu mwenyewe mpaka kwenye rimu, nikijua ninaosha milioni nane.

Ajali yenyewe haina maajabu. Saa mbili kasoro asubuhi, Barabara ya Mandela, Tabata Relini, foleni imesimama. Mimi nimesimama. Mbele yangu kuna Noah, nayo imesimama. Ambalo halikuwa limesimama ni kenta la viazi, lumbesa zimepangwa mpaka zimempita dereva kichwa, likitokea Ubungo kuwahi sokoni Ilala. Niliiona ile pua yake kwenye kioo, nikapata nafasi ya kusema "na huyu naye", nisipate ya kumalizia. Lilinisukuma nikamfuata Noah. Kwa hiyo Shangazi aliumia nyuma kwa kenta na mbele kwa Noah. Ubavuni alikuwa ameumia tangu mwaka 2016, lakini hiyo ni habari yangu na geti la kanisa.

Wa kwanza kushuka alikuwa utingo. "Pole mzee, breki zimegoma." Akaanza kuokota viazi vyake juu ya buti langu. Trafiki alipofika aliuliza swali ambalo trafiki wote wa mji huu huuliza: "Mnaelewana au hamuelewani?" Mwenye Noah alielewana kwa elfu sabini, bampa lake likiwa limekwaruzika tu, akaondoka. Mimi nikasema sielewani na mtu, hii ina bima. Nikatoa simu, nikaingiza namba ya kenta kwenye mfumo wa TIRA wa kuhakiki stika, kifua mbele. Bima ya kenta ilikuwa imekwisha siku 19 zilizopita.

Dereva akatazama chini. "Tajiri alisema analipia wiki hii."

Huyo tajiri nilimpigia palepale. Alipokea mara moja, kwa sauti nzuri kabisa, nikajitambulisha, na tangu siku hiyo simu yake haijapatikana. Dereva akaenda kujibu mashtaka yake. Mimi, niliyegongwa nimesimama, nikabaki na bima yangu kubwa, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru katibu wa SACCOS.

Sikujua kwamba kugongwa ni sehemu rahisi. Inatakiwa ramani ya ajali. Inatakiwa fomu ya polisi, PF 90. Gari lazima likaguliwe na mkaguzi wa polisi aandike PF 93, na mkaguzi yuko kituo kingine, na Shangazi hatembei, kwa hiyo bredauni mara mbili. Mkaguzi alipomfikia akaniomba niwashe waipa. Nikamwambia afande, gari hili limepoteza uso, waipa za nini? Akasema washa. Ikawaka moja. Akaandika. Akavuta breki ya mkono, ikaja mpaka kifuani kwake, akaandika na hiyo. Nikaona sasa mshitakiwa ni mimi.

Fomu ya madai ilikuwa na kurasa nne. Kuna mahali wanauliza: eleza hatua ulizochukua kuepuka ajali. Niliandika: nilisimama. Chini yake: je, kulikuwa na mashahidi? Niliandika: Tabata nzima. Dada wa mapokezi alinirudishia akaniambia, "Baba, andika vizuri." Nikaandika vizuri.

Siku ya tisa akaja gereji mkadiriaji wa hasara. Kijana mdogo, kishikwambi mkononi, raba nyeupe pee, na gereji yenyewe ina oili mpaka kwenye mizizi ya mwembe. "Shikamoo mzee wangu." Aliitoa ile shikamoo taratibu, ameinama kidogo, kama ya msibani. Nikajua milioni nane zangu ni marehemu.

Alianza kupiga picha, na nikaona anapiga kila kitu isipokuwa nilipogongwa. Kutu ya chini ya mlango. Ubavu wa geti la kanisa. Kiti cha dereva ambacho sponji imetoka na mke wangu ameifunika kwa kanga. Alipima kashata za matairi kwa kijiti, akatikisa kichwa. Nilimwambia, kijana wangu, ajali iko huku mbele na kule nyuma. "Najua mzee, ila lazima tujue hali yake kabla ya ajali." Akafungua buti kwa bisibisi ya fundi. Humo akakuta dumu la lita tano la maji ya rejeta, kamba ya katani na jiwe langu. Jiwe hilo ni la kuzuia tairi nikiegesha mlimani. Tuko pamoja mwaka wa nane, limeshakuwa laini kama sabuni. Akalipiga picha. "Hili lilikuwemo, au limeingia na ajali?"

Nikamwambia lilikuwemo. Limo kwenye ripoti, ukurasa wa tatu, picha namba 27.

Kisha akanifundisha kitu kinachoitwa uchakavu. Akasema, mzee, taa zako zilikuwa na ukungu wa miaka ishirini. Tukikuwekea mpya, gari linakuwa bora kuliko lilivyokuwa kabla, na bima haipo kumtajirisha mtu, ipo kumrudisha alipokuwa. Kwa hiyo kwenye kila kipuri kipya lazima uchangie kidogo. Nikamuuliza kama rejeta nayo nachangia, maana niliinunua mwezi wa nne, risiti ninayo. Akasema rejeta si tatizo. Nikampa risiti ya rejeta, ya betri, ya shokapu za mbele, ya kuovahoo giaboksi mwaka juzi, zote nimezibana kwa pini. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma kwa heshima, akanirudishia. "Hizi ni matengenezo, mzee. Haziongezi thamani. Zinalifanya gari liendelee kuwa gari."

Sentensi hiyo niliondoka nayo, bado ninayo. Zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa miaka hii imeingia mle, na yote imefanya kazi ya kulizuia gari lisiwe kitu kingine.

Ripoti ilichukua wiki tatu. Gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni ilikadiria kumtengeneza kwa vipuri vipya ni shilingi 4,850,000. Thamani ya Shangazi sokoni, siku ya ajali, dakika moja kabla ya viazi: 4,200,000. Kwa hiyo halitengenezeki. Kwa hesabu zao limekufa.

Nilikwenda ofisini kwao nikiwa nimevaa koti. Afisa wa madai alikuwa dada mpole, ana faili langu mezani, na juu ya faili kuna kikombe cha chai, alama ya duara imeshajichora kwenye jina langu. Nikamwambia: dada yangu, wakati nakata bima mliniambia gari ni milioni nane. Akasema, "Hatukukuambia sisi, baba. Uliandika wewe." Akanionyesha. Mkataba wangu ni wa Kiingereza, maandishi kama mayai ya chawa, lakini kipengele hicho alikuwa ameshakipigia mstari kwa kalamu ya njano, nadhani hupigia kwa kila mtu. Maana yake ni kwamba kiasi nilichoandika ni ukomo, ndicho cha juu kabisa wanachoweza kulipa; wanacholipa ni bei ya soko ya siku ile.

"Kwa hiyo nimelipia milioni nane ili nipewe nne?"

"Na laki mbili, baba."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa karatasi yangu. Kama gari lilikuwa la 4,200,000, basi ile 3,800,000 ya juu nimeikatia bima bure. Asilimia 3.5 yake ni 133,000, na VAT 23,940, jumla 156,940. Naomba zangu. Alicheka, si kwa dharau, kama mtu aliyesikia mtoto wake akisema jambo la kikubwa. Nikamtajia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yule aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hakushtuka. Alifungua droo akanipa karatasi yenye anwani yake, na akaniandikia kwa kalamu daladala za kupanda. Mtu akikuelekeza mwenyewe njia ya kwenda kumshitaki, miguu inakuwa mizito.

Lililoniuma zaidi ni jambo jingine. Gari likiingia bandarini limezeeka, serikali inatoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Yaani pale uzee ni mali, unaulipia. Likifika kwa bima, uzee uleule ni hasara, unakatwa. Mimi ninachoomba ni wakae chumba kimoja, TRA na hawa, wakubaliane uzee wa gari ni kitu gani, halafu wanipigie.

Nyumbani nilieleza yote haya wakati wa chakula, kwa sauti. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa. Aliniacha nikamaliza mpaka bandarini na kurudi, kisha akauliza bila kuinua macho: "Kwani ile kamati ya harusi uliwaambia lina bei gani?"

Nikasema hilo ni suala jingine.

"Na shemeji?"

Ugali ukawa mgumu. Kusema kweli, kama mkadiriaji angepita kwa jamaa zangu wote kukusanya ushahidi, asingefika hata hiyo nne na laki mbili. Angeambiwa kwa kinywa changu mwenyewe kwamba lile ni chuma chakavu, tena angeambiwa na watu kumi na wanne wenye kadi za mchango.

Wiki zilizofuata sitazisimulia, kwa sababu hazikuwa na kitu ndani. Faili liko kwa bosi. Bosi yuko semina, Dodoma. Mtandao uko chini. Njoo Jumatatu. Jumatatu ikawa sikukuu. Leta nakala ya leseni, nilishaleta, leta nyingine, ile haisomeki, na kweli haikusomeka, ilikuwa na duara la chai. Nilizoeana na mlinzi mpaka akaniambia mambo ya ardhi yake Mkuranga.

Wiki ya kumi na moja wakaniita. Milioni nne na laki mbili, toa eksesi ya asilimia kumi, 420,000, inabaki 3,780,000. "Mabaki unayachukua au tunayachukua?" Nilichelewa kuelewa kwamba mabaki ni Shangazi. Nikasema nayachukua. Basi toa laki tisa, ndiyo bei ya mabaki. Ikabaki 2,880,000. SACCOS, ambao jina lao limo kwenye bima, walishaandika barua kudai deni lao, 1,150,000. Ikabaki 1,730,000. Nikasaini mara tatu hati inayosema nimeridhika kabisa na sitadai tena kwa jambo hili. Kuna mstari wa tarehe na mstari wa shahidi. Shahidi wa kuridhika kwangu alikuwa yule mlinzi.

Fundi wangu alicheka alipoona makadirio ya milioni nne. "Hawa wananunua taa dukani, bosi?" Tukaenda Gerezani, kwenye spea zilizotumika. Kama hujawahi kufika, kuna mahali pale ambapo nyuso za magari zimeegeshwa ukutani kama picha za marais: taa, boneti, bampa, rejeta na feni yake, pua nzima imekatwa Japani ikaja kwenye kontena. Tulitembea juani tukitafuta uso wa Carina. Uliopatikana ni mweusi. Shangazi ni mweupe. Fundi akasema rangi tutapiga baadaye, na mimi nikajua kabisa hiyo baadaye ni ya namna gani, nikasema sawa. Buti alilinyoosha kwa nyundo na mti, akapaka puti, likawa linafunga ukilibamiza kwa kiuno. Taa hazina ukungu. Kwa hiyo kwa maneno ya yule kijana nimetajirika, ila ubavu wa kanisa upo palepale.

Jumla, spea na ufundi, 1,690,000. Zilibaki elfu arobaini. Kamati ya harusi walipata wapi habari zake sijui, lakini jioni ileile mweka hazina alinipigia kunikumbusha ahadi yangu.

Kwa kampuni ya bima Shangazi ni marehemu, na bima kubwa ilikufa naye. Sasa anatembea kwa bima ndogo kama wenzake, anasikika kutoka Segerea, uso mweusi mwili mweupe, watoto wa mtaani wameshamwita Kunguru lakini nyumbani bado ni Shangazi. Jiwe limerudi butini.

Juzi nilikuwa gereji kumalizia nati moja. Akasimama jamaa mmoja kijana, funguo za pikipiki zinaning'inia kidoleni, akamzunguka mara mbili. Akapiga teke tairi. Akafungua boneti, akasikiliza injini kama daktari, akarudisha boneti polepole.

"Mzee, Carina hizi zimeadimika. Unauzaje?"

Fundi aliacha kukaza nati. Alinitazama. Alikuwa na mimi Gerezani, aliona nikihesabu noti za mwisho, anajua ripoti nzima mpaka picha namba 27. Nilimwona anasubiri kusikia kama nimejifunza hesabu.

"Tisa," nikasema.

Kijana akapiga mluzi.

"Tisa na nusu," nikasema. "Uso mpya huo."